Mwaka Niliokatazwa Kutembea

Ninyi wajukuu, na ninyi wengine mtakaopewa karatasi hizi na wajukuu zangu, mkiweza zisomeni mmesimama, au mkizunguka uani. Mtaelewa upesi zaidi, na sababu mtaiona mbele. Juzi tulipomzika mama yangu mdogo Kolastika, mdogo wake mama aliyenizaa, mlinitazama usoni mkitafuta machozi hamkuyaona. Mmoja wenu, simtaji jina, aliuliza kwa mnong'ono ambao nadhani hata marehemu aliusikia: "Bibi Agatha mbona halii? Si ndiye aliyependwa kuliko wote?" Ni kweli nilipendwa. Na mimi ndiye niliyempikia uji miaka yake ya mwisho, nikamgeuza kitandani, nikamwosha, na kitenge alichozikwa nacho nilikikunja kwa mikono yangu. Lakini kulia sikulia, na kwa kuwa mmeuliza, nitajibu. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nitaandika ninavyosema.

Mambo ya nani alizaliwa na nani nayaacha, hayo mtaulizana wenyewe. Naanza na mwaka niliokuwa darasa la saba, kijijini kwetu juu milimani, pale ambapo mawingu yakifunguka unauona mji wa Morogoro chini, mabati yanametameta. Shuleni tulikuwa mimi na Felista, jirani yetu. Mwezi huu wa kwanza mimi, mwezi ujao yeye, wengine wote wanafuata nyuma. Siku zile msichana kutoka kwetu kwenda sekondari lilikuwa jambo la kusimuliwa. Mwalimu wetu alikuwa akinyoosha kidole dirishani kuelekea mjini na kusema, "Kilakala ni pale chini. Wasichana wanalala kwenye vitanda vya chuma na kusoma kwa taa ya umeme. Nina wawili humu ndani wanaoweza kufika." Alikuwa akitutazama sisi. Nami nilikitaka kile kitanda cha chuma kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, mpaka leo.

Jumamosi nilikuwa nashuka na mama mdogo kupeleka njegere sokoni mjini. Tulitoka umande ungali kwenye majani, tenga kichwani, ngata ya majani makavu ya mgomba chini yake, mbele yeye, nyuma mimi. Hakuwahi kukanyaga darasa, na alikuwa na njaa ya kujua mambo. "Haya, nisomeshe," angesema tukishapita nyumba ya mwisho. "Wiki hii mwalimu kawalisha nini?" Hapo ningeanza: mito, maziwa, nchi na mazao yake, hesabu za mashamba yenye pande zisizolingana. Ajabu yake ni kwamba jambo lililonishinda nikiwa nimekaa kwenye dawati, nikilianza pale mteremkoni linafunguka lenyewe, kama ganda la njegere ukilibana kwa kidole gumba. Na aliyeligundua hilo kwanza ni yeye, si mimi. Siku moja tunapanda kurudi, matenga matupu, pumzi zinatutoka, akasimama kwenye kona akageuka. "Wewe Agatha nimekuchunguza. Ukiwa umekaa jikoni nakuuliza neno, unanitolea macho kama kuku aliyenyeshewa. Ukitembea, unaongea kama padre. Akili yako iko miguuni." Nikamuuliza, "Kwa hiyo nikipanda gari nitakuwa mjinga?" Akasema, "Ukipanda gari tutakuuza pamoja na njegere." Tulicheka mpaka tenga likamdondoka likabingiria kwenye magimbi ya watu. Kicheko kile nakikumbuka kuliko maneno yote ya mwaka ule. Aliyekuja kuniumiza alikuwa amenisoma kwanza, taratibu, Jumamosi baada ya Jumamosi, nami mwenyewe nilikuwa nikimfungulia kurasa.

Masika yalipoanza nikawa mkubwa. Wasichana mtanielewa, na wavulana nanyi mnajua, msijifanye. Kwa desturi yetu Waluguru, binti akishakuwa mkubwa anawekwa ndani. Anakuwa mwali. Hatoki, halimi, habebi, hapigwi na jua, anakula na kufundwa, mpaka ukoo uridhike kwamba amenawiri, ndipo anatolewa kwa ngoma. Kwa jirani zetu kina Felista, watu wa misheni, walikuwa wameshafupisha, wanawaweka watoto likizo tu. Ukoo wetu ulishika ya zamani, na bibi yangu ndiye aliyeyashika kwa mikono miwili. Mtihani ulikuwa bado miezi. Nilijua nikisema nimekwisha. Kwa hiyo nikamwambia mtu mmoja tu, kwenye kijito tunachokivuka tukirudi sokoni. "Mama mdogo, nimeshakuwa mkubwa. Nakuomba usimwambie mtu mpaka nifanye mtihani." Akaweka tenga chini, akachota maji kwa kiganja, akaninawisha uso taratibu kama mtoto mchanga. "Nimwambie nani mimi? Neno hili limefia hapa hapa majini." Nikapanda mlima siku ile naimba.

Kesho yake natoka misa, nikamkuta bibi amekaa kizingitini na kaniki mpya mapajani. Chumba cha nyuma kimefagiliwa, mkeka umetandikwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Mama yangu amesimama pembeni anafuta macho, sijui kwa furaha au kwa nini. Yeye kwa mdogo wake hakuwahi kuwa na kauli. Na mama mdogo yuko jikoni anachambua maharage. Nikamtazama. Aliendelea kuchambua, anatoa bovu, anatupa, anatoa jingine, kana kwamba duniani hakuna kazi nyingine. Nilipovutwa mkono kuingizwa ndani ndipo akasema, bila kuinua kichwa, "Nakutafutia heri, mwanangu. Humo utapumzika. Felista atakuwa anabeba makabichi, wewe umekaa na kitabu. Utampita mbali."

Na hilo, msicheke, kila mtu aliliamini. Mwalimu alipanda kuja kugombana. Nilimsikia nje anabishana na mjomba, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye kauli, baba anakaa kando anasikiliza. "Mnaniharibia mwanafunzi," mwalimu anasema. Mjomba akamjibu kwa upole wake ule wa kuudhi: "Mwalimu, tunakuharibia au tunakusaidia? Halimi. Hachoti maji. Hapandi mlima kwenda shule. Ni kula na kusoma. Siku ya mtihani atafunikwa nguo, ataletwa, ataandika, atarudi." Halafu nikamsikia, yule yule aliyekuja na hasira, anasema, "Kwa kweli hata watoto wa mjini hawapati nafasi ya namna hiyo." Akaniachia vitabu vyake. Watu wazima wote wale, wenye akili zao, walidhani kichwa ni kama shamba, ukilipumzisha linapata rutuba. Siku hizi hapa Bigwa, huku mjini chini ninakokaa, nawaona vijana wa jogging wanapita asubuhi na fulana zao zinazofanana, wanaimba, na nasikia madaktari wanasema damu ikitembea na akili inatembea. Mimi sikuambiwa na daktari. Niliambiwa na mkeka.

Chumba chenyewe kilipakana na jiko. Ukuta wa miti na udongo, moshi unapenya, harufu ya ndizi zilizofukiwa ziive haitoki. Asubuhi uji wa ulezi, bakuli kubwa, na bibi amesimama mpaka nimalize. Mchana ndizi za kupika na maharage. Jioni ugali, na kuku akichinjwa, firigisi ni yangu mimi, kitu ambacho sikuwahi kukionja kabla ya hapo. Napakwa mafuta ya nyonyo, nakaa miguu imenyooshwa, siongei kwa sauti. Mwanzoni nilifurahi, sitaki kuwadanganya. Nilisoma vitabu vya mwalimu nikavimaliza. Halafu nikavirudia, na hapo ndipo nilipoona kitu kinaharibika. Nasoma ukurasa, nikifika chini cha juu kimeondoka. Nachukua hesabu niliyokuwa nikiifanya mteremkoni na tenga kichwani, sasa naitazama kama maandishi ya kwenye jiwe la kaburi la mgeni. Nalala mchana, naamka nimechoka. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akiniletea chakula mara nyingi. Aliketi karibu nami, akanisuka nywele, akanibana shavu. "Unang'aa," anasema. "Soma, soma mama." Nilikuwa nimemsamehe ile ya kijito. Niliamini amebanwa na bibi akasema. Mtoto anayemtaka mtu anamtafutia udhuru mwenyewe.

Mchana mmoja mvua inanyesha, hasira zikanipanda, nikasimama nikaanza kuzunguka mle chumbani. Ukuta hadi ukuta, nazunguka mkeka, narudi, kitabu mkononi. Miguu ilikuwa mizito kama si yangu. Nikaendelea. Jasho likanitoka, moyo ukaanza kupiga, na ghafla ile hesabu ya gari moshi linalotoka Ngerengere kuja Morogoro likikutana na jingine njiani, iliyonikaa kooni wiki nzima, ikafunguka. Nikaifuata nyingine, nayo ikafunguka. Nililia kwa furaha, nimeziba mdomo kwa kaniki. Kumbe sikuharibika. Kumbe ni kutembea tu. Nikawa kila mchana jikoni wakianza kupika, nazunguka. Siku chache tu zikatosha nikajiona Agatha amerudi, na Felista ajiandae.

Halafu nikawasikia. Nilikuwa nimesimama kupumua, mkono ukutani, wao wako upande wa pili kwenye mafiga, bibi na mama mdogo.

"Mtoto anatembea humo," mama mdogo akasema. "Mwache, ananyoosha miguu," bibi akamjibu.

"Mama, usimwache. Yule ukimwacha atembee akili yake inawaka. Namjua mimi, nimeshuka naye mlima huu mpaka basi."

"Sasa ikiwaka kuna ubaya gani?"

"Atashinda mtihani. Akishinda ataondoka, na akiondoka harudi. Mimi nimezaa madume matupu. Dada ana huyu mmoja. Mashamba ya ukoo atayashika nani? Wake wa wanangu, watu wa kuja? Na sisi tukizeeka?"

"Mwalimu tumemwahidi, Kolastika."

"Tumemwahidi atafanya mtihani. Atafanya. Hatukumwahidi atashinda."

Nikasikia bibi anasogeza kuni. Halafu akauliza, "Sasa mimi nimwambie nini asitembee?"

"Mwambie mwali akizunguka ndani anamwitia mama yake msiba."

"Nani kasema hivyo? Nimewekwa ndani mimi, nimeweka na wengine, sijalisikia."

"Na yeye hajui kwamba hujalisikia."

Bibi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeshindwa na mtoto wake. Nami nikakaa chini pale pale, si kwa kuambiwa. Nilikuwa nimeelewa kila kitu kwa mara moja, kile kijito, yale maji usoni, yale maharage. Hakubanwa na mtu. Na kitu alichonizimia taa ni kile kile alichokigundua siku tuliyocheka kwenye kona.

Jioni bibi akaja na ugali, akaniambia ule mwiko kama alivyofundishwa, macho anaangalia pembeni. Mtasema, si ulijua ni uongo, ungeendelea tu kutembea. Hebu ngojeni. Mama yangu alikuwa akikohoa masika yale. Kikohozi cha kifua, kile kinachokuja na baridi ya milimani, nilikuwa nakisikia kupitia mlangoni. Nilijua mwiko ule umetungwa jikoni, nimeusikia unatungwa. Lakini nikisimama nizunguke, mama anakohoa, na miguu inakataa. Ningefanyaje? Nani kati yenu angezunguka? Uongo wa mtu anayekujua umeshonwa kwa kipimo chako, hata ukijua ni uongo unakukaa. Nikakaa. Nikala walichonipa. Nikanenepa vizuri kabisa.

Siku ya mtihani nilifunikwa kaniki mpaka machoni nikapelekwa shule, bibi mbele, mama mdogo nyuma amebeba togwa kwenye kibuyu. Njia ile niliyokuwa nikiikimbia, nilisimama njiani kupumzika kama mwanamke mwenye mimba. Jua liliniumiza macho. Nilipokaa kwenye dawati na mtihani ukawekwa mbele yangu, nilisoma swali la kwanza, nikalisoma tena, nikalisoma tena. Maneno nayajua, lakini hayashikani. Mbele yangu niliona mgongo wa Felista, shati limechanika begani kwa kubeba matenga, mkono wake unakwenda. Hesabu ya gari moshi ilikuwepo, si ile ile, lakini nduguye. Nikaitazama mpaka muda ukaisha. Nje mama mdogo akanipokea na togwa. "Umechoka, mwanangu, kunywa. Imekuwaje?" Nikanywa. Lilikuwa togwa tamu, sijawahi kunywa tamu kama lile.

Felista alichaguliwa. Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga nyuma ya nyumba, kwenye lile dirisha la gunia, kwa sababu mwali haonwi ovyo. "Agatha, siku ile ulikuwa wapi?" akaniuliza. "Nilikuwa hapo nyuma yako," nikamwambia. "Nilikuona. Lakini ulikuwa umekaa tu." Akanipitishia mkono penye tundu la gunia, mkono mgumu una sugu, nami wangu laini kama wa mtoto. Tukashikana. Sikumwambia. Hakuna niliyemwambia.

Wakanitoa mavuno ya mwaka uliofuata yalipokwisha, kwa ngoma kubwa, pombe ya muwa, watu wamepanda kutoka vijiji vya chini. Niling'aa kweli. Walinibeba mabegani mlangoni mpaka uwanjani, na mama mdogo akicheza mbele yangu, jasho linamtiririka, anapiga vigelegele kuliko mama aliyenizaa. "Mtazameni mtoto wetu," anasema. "Mtazameni." Mama alikuwa pale pale, amepona kikohozi. Mimi huko juu nilikuwa nawaza kitu kimoja, kwamba hata siku ya kutolewa hawakuniacha nikanyage chini.

Baada ya hapo niliolewa, nikalima, nikazaa mama zenu na baba zenu, nikashika yale mashamba. Miaka mingi baadaye, sote watu wazima, tukipanda ile njia, nilimuuliza. Nilisema tu, "Mama mdogo, niliwasikia siku ile jikoni." Hakuuliza siku gani. Alipita kona, halafu akasema, "Ningezikwa na nani, Agatha?" Akaendelea kupanda. Nilitegemea atakana, au atalia, au ataniomba radhi. Alinijibu kama mtu aliyeulizwa mboga bei gani. Basi amezikwa na mimi. Alichokitaka alikipata chote, mpaka kukunjiwa kitenge. Padre anajua sijasamehe, tumeshaongea, ananiambia niombe, naomba. Felista naye alikuja msibani, mwalimu mstaafu, miwani na fimbo yake, tukakaa jamvi moja. Alikaribia kuniuliza kitu, akaacha. Sasa mmejua kwa nini sikulia. Machozi niliyatoa mengi, kwenye mkeka, nikiwa na umri wa baadhi yenu.

Niliporudi nyumbani Bigwa kutoka msibani, nikakuta jambo. Mjukuu wangu Glori, wa kidato cha nne, mama yake, mwanangu Roza, amemfungia chumbani kwa kuwa mtihani umekaribia. Mtoto hafagii, hachoti, hatoki. Anapelekewa sinia, linarudi tupu. Ukipita mlangoni unaambiwa, "Shii, anasoma." Nikaingia nikamkuta kajikunja kitandani na daftari usoni, macho mekundu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Unasoma nini?" Akanitazama kama anaona aibu. "Bibi, nasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima hauingii. Nadhani mimi ni mjinga." Nilishika nguzo ya mlango. Roza nyuma yangu anasema, "Mama, muache apumzike, mimi namtafutia heri." Sijui alijua ametamka neno gani. Hakujua. Yeye ana nia njema, na wale waliokuwa wakibishana nje na mwalimu walikuwa na nia njema pia.

Nikawaita wote sebuleni, na mkwe wangu, na dada wa kazi, televisheni ikazimwa. Nikasema: "Mlango ule usifungwe tena mchana. Sinia lisibebwe, mwenye miguu atakuja mezani. Kuanzia kesho alfajiri Glori anapanda mlima na mimi mpaka kwenye chemchemi, ananisomesha njiani, halafu ndipo anakaa na daftari lake. Akirudi anafagia uwanja. Na mwenye neno la kunibishia, apande naye. Nitamsikiliza tukifika juu."